UZI: Lancia Stratos Zero (1970), gari la kimo cha sentimita 84 ambalo dereva aliingilia kwenye kioo cha mbele

#1 Springi_Nne

Wakuu, salamu. Kila ukifunguliwa uzi wa magari ya Italia yaliyoishia kwenye maonesho, Zero hutajwa kwa mstari mmoja, "lile kabari", kisha watu wanapita. Leo tulivue bodi tulitazame kwa ndani.

Lilioneshwa Turin mwishoni mwa Oktoba 1970. Mchoro ni wa Marcello Gandini, kazi ikafanywa na karakana ya Bertone. Urefu mm 3,580, upana mm 1,870, kimo mm 840, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma mm 2,220. Meza ya kulia chakula huwa na sentimita 75 hivi, kwa hiyo paa la gari hili linaizidi meza yako kwa sentimita tisa tu. Lilitengenezwa moja, basi.

Milango ya pembeni halina. Kioo cha mbele chote kinainuka kwenda juu, bawaba zikiwa upande wa paa. Unakanyaga zulia jeusi lililowekwa puani mwa gari, unapita juu yake kama mtu apandaye mtumbwi, unageuka, unakaa. Usukani unasukumwa mbele kwanza ili magoti yapate njia. Viti vimelala na ngozi yake imekatwa vipande vya mraba kama mche wa chokoleti. Saa za dashibodi haziko mbele ya dereva, ziko pembeni, kwenye ubao wa kijani unaopitisha mwanga.

Nyuma kuna kifuniko cha pembetatu cha injini, kimepangwa mbavu mbavu, na kinafunguka kwa ubavu. Chini yake wengi hutegemea kukuta injini ya Ferrari. Hakuna. Kuna V4 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V) ya Lancia Fulvia 1.6 HF: cc 1,584, hp 115 kwa mizunguko 6,200 kwa dakika.

Mwenye nyongeza au masahihisho aweke.

#2 Nati_Kumi_Na_Tatu

Mkuu Springi, swali moja. Fulvia inavuta kwa magurudumu ya mbele. Waliwezaje kuitumia injini hiyo hiyo kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma bila kusuka gia boksi mpya?

#3 Kabureta_Pacha

Hili ndilo jambo tamu zaidi kwenye gari hili, na watu hulipita kwa sababu wanatazama bodi.

Kwenye Fulvia injini imekaa kwa urefu wa gari, mbele kabisa ya ekseli ya mbele. Difu, inayogawia magurudumu nguvu, ipo kwenye mstari wa ekseli, na gia boksi inaelekea nyuma, upande wa abiria. Sasa chukua mzigo huo wote kama ulivyo, usiugeuze, uuhamishie kwenye ekseli ya nyuma. Injini inajikuta mbele ya ekseli ya nyuma na nyuma ya mgongo wa dereva. Tayari una gari la injini ya kati. Gia tano ni zile zile na mzunguko haugeuki, kwa hiyo hutaishia na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, balaa linalowapata wanaogeuza injini kichwa chini miguu juu.

Sababu ya pili ni umbo la injini yenyewe. Hii V4 si V pana mnayoijua. Pembe kati ya safu mbili za silinda ni ndogo sana, nyuzi 11 na kitu kwenye ile ya 1.6, hivyo silinda zote nne zinafunikwa na kichwa kimoja tu cha silinda. Silinda ina kipenyo cha mm 82 na mwendo wa pistoni mm 75. Pigeni hesabu wenyewe, itawapa 1,584. Kwa kuwa silinda zimepishana, injini ni fupi kuliko ya silinda nne za mstari. Tena Lancia waliilaza kwa nyuzi 45 ili iingie chini ya boneti ya Fulvia. Fundi anayetafuta injini ya kuficha kwenye gari la sentimita 84 angeomba nini zaidi?

Kwa wanaopenda kabureta: 1.6 HF ilikuja na kabureta mbili za Solex za mlalo, mm 42.

#4 Nyundo_Kavu

Wakuu mnalipamba sana. Hilo lilikuwa sanamu la maonesho. Halina mlango, halina pa kuweka begi, halioni nyuma. Kwani liliwahi kutembea?

#5 Springi_Nne

@Nyundo_Kavu lilitembea, na hapo ndipo linapotofautiana na mengi ya enzi zake. Ferrari 512 S Modulo ya karakana pinzani ya Pininfarina, iliyooneshwa Geneva mwaka huo huo wa 1970, ilikaa miongo kadhaa bila kujiendesha, hadi Mmarekani James Glickenhaus alipoinunua mwaka 2014 na kuanza kuifufua. Zero lilikuwa na injini inayowaka, breki, usukani na tangi la mafuta tangu siku ya kwanza.

Kisa kinachosimuliwa sana Turin ni kwamba Nuccio Bertone, mwenye karakana, aliliendesha mwenyewe barabarani hadi ofisi za Lancia, akapita chini ya kizuizi cha getini bila kusubiri kiinuliwe, wafanyakazi wakashangilia. Alichofuata pale si sifa. Lancia ilikuwa imeshikwa na Fiat mwaka 1969, na kwa miaka mingi kazi zake za bodi zilikuwa zikienda kwa Pininfarina. Bertone alitaka mlango ufunguke kwake. Hata injini ya Zero haikuletwa na Lancia, ilitolewa kwenye Fulvia iliyopata ajali ambayo Bertone waliinunua wenyewe.

Kwa hiyo ukiuliza "kwa nini halikuingia kiwandani", unauliza kwa nini kadi ya mwaliko haikuliwa kwenye harusi.

#6 Nyundo_Kavu

Hapo kwenye kadi umenikamata. Ila bado nataka sababu za kifundi. Tuseme Lancia wangekubali kulitengeneza kama lilivyo, lingekwama wapi?

#7 Kioo_Chenye_Rangi

Lingekwama kwenye kioo, mkuu. Mengine yote yana dawa.

Kioo kinapolala sana, jicho la dereva linakitazama kwa mshazari, na mwanga mwingi unaakisiwa badala ya kupenya. Tuchukue mfano wa kioo cha kawaida kilicholala nyuzi 15 kutoka usawa wa ardhi, dereva akitazama mbele moja kwa moja. Kila uso wa kioo unarudisha karibu robo ya mwanga. Ukijumlisha nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kinachomfikia dereva ni takriban asilimia 62. Kioo hicho hicho ukikiinua hadi nyuzi 30 kinapitisha asilimia 85. Yaani nyuzi 15 tu za mlalo zinakugharimu zaidi ya moja ya tano ya mwanga wote. Mchana wa jua hutahisi. Jioni ya mvua utahisi.

La pili ni picha za ndani. Kila kitu cheupe kilichopo mbele ya usukani kinajiona kwenye kioo kama kwenye maji. Ndiyo maana ukiwa na kioo kilicholala, dashibodi iwe nyeusi na isiyong'aa. Haina mjadala.

La tatu ni joto. Kioo kilichosimama hupokea jua la saa sita kwa ncha, kilicholala hulipokea kifua wazi. Zero lina paa dogo na kioo kikubwa juu ya mapaja ya watu wawili waliolala. Ungehitaji kipoza hewa chenye nguvu ya gari kubwa, na kipoza hewa kinadai kompresa, kondensa na nafasi. Nafasi ndiyo isiyokuwepo.

La nne ni mlango wenyewe kuwa kioo. Mvua ikinyesha unafungua paa na nusu ya mbele kwa pamoja, na viti vyote vinaoga. Mpira wa kuzibia unazunguka kioo kizima, kwa hiyo ukilegea sehemu moja maji yanashuka mapajani, si pembeni kwenye kizingiti kama kwenye gari la milango. Na gari likipinduka likalalia paa, njia pekee ya kutokea iko chini yako. Hakuna mkaguzi wa usalama ambaye angetia saini.

#8 Kabureta_Pacha

Ongeza taa. Mbele kuna balbu kumi za wati 55 zilizopangwa mstari mmoja kwenye ukingo mwembamba wa pua. Zinapendeza, lakini Marekani ilishaanza kudai taa kuu ziwe zaidi ya sentimita 50 kutoka ardhini. Pua ya Zero ipo chini ya hapo kwa mbali. Soko la Marekani limekufa kabla ya kuzaliwa.

Nyuma ndiyo vituko: vibalbu 84 vidogo vimezunguka ukingo wa mkia, na indiketa inakimbia kutoka katikati kwenda pembeni. Leo tunaona gari la LED likifanya hivyo tunasema teknolojia mpya.

#9 Waya_Mwekundu

Naomba niingie hapo kwenye balbu kumi, maana ni eneo langu.

Wati 55 mara 10 ni 550. Gawa kwa volti 12 unapata ampea 46 kwa taa za mbele peke yake, bado waipa, feni na koili. Alteneta ya gari dogo la miaka ile ilitoa ampea 30 hadi 40 hivi. Kwa hiyo ukiwasha zote usiku betri inaliwa huku injini ikiunguruma.

Kosa la pili hufanywa na wanaoiga mpangilio huu kwenye magari yao. Wanavuta waya mmoja wa mm² 2.5, mita tatu, kutoka betri hadi mbele. Ukinzani wake ni kama omu 0.021. Kwa ampea 46 unapoteza karibu volti 1. Balbu ya nyuzi ikipungukiwa volti 1 kati ya 12, mwanga wake unashuka kwa takriban robo, na rangi inageuka njano. Umefunga balbu kumi ukapata mwanga wa saba na nusu, na waya unachemka juu.

Dawa yake: gawa makundi mawili ya balbu tano tano. Kila kundi lipewe waya wa mm² 4, rilei (swichi inayovutwa kwa umeme mdogo) yake ya ampea 40, na fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, isiwe karibu na taa. Hapo kila waya unabeba ampea 23 na upotevu unashuka hadi volti 0.3. Swichi ya dashibodi ivute rilei tu, isibebe mzigo. Na athi ya taa usiifungie kwenye bati lenye rangi. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi.

#10 Nati_Kumi_Na_Tatu

Shukrani Waya. Sasa hili shindano la kwenda chini lilianzaje? Carabo, Modulo, Zero, kila moja fupi kuliko la mwenzake.

#11 Springi_Nne

Kwa kifupi: Alfa Romeo Carabo, Paris 1968, Gandini na Bertone, kimo sentimita 99, juu ya chesisi ya 33 Stradale yenye V8 ya lita 2. Ndilo lililoanzisha milango inayoinuka kama mkasi, ambayo baadaye iliishi kwenye Lamborghini Countach. Modulo ya Paolo Martin ikaja na sentimita 93.5. Zero likafunga hesabu kwa 84.

Kulikuwa na utani wa Bertone na Pininfarina ndani yake, ndiyo, lakini Carabo lilikuwa na sababu pia. Lamborghini Miura, kazi ya Gandini huyo huyo, ilikuwa na pua inayonyanyuka ikikimbia sana, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Umbo la kabari lilikuwa jaribio la kuibana pua chini.

Na sehemu ya mbele inayokutana na upepo inapungua kweli. Ukizidisha upana kwa kimo, Miura ni m 1.76 × 1.05, yaani m² 1.85. Zero ni m 1.87 × 0.84, yaani m² 1.57. Hilo ni boksi tu, si umbo halisi, lakini linakuonesha kwa nini hp 115 hazikuonekana aibu pale.

#12 Vumbi_La_Naivasha

Wakuu msisahau mtoto wake alifika hadi kwetu. Stratos HF ya kiwandani ilikimbia Safari Rally. Mwaka 1975 Sandro Munari alishika nafasi ya pili na Björn Waldegård ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka 1977 Munari tena, ya tatu. Monte Carlo Munari aliibeba na Stratos mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977, na ubingwa wa dunia wa watengenezaji ukaenda Lancia 1974, 1975 na 1976. Lakini Stratos haikuwahi kushinda Safari. Lancia walisubiri hadi 1988, Miki Biasion na Delta Integrale.

#13 Nyundo_Kavu

Sasa tunafika. Kati ya Zero na Stratos HF, kilibaki nini?

#14 Kioo_Chenye_Rangi

Jina, ufupi na injini ya kati. Vingine vyote vilibadilishwa, na ukiangalia vilivyobadilishwa utaona ni orodha ile ile ya mahali Zero lilipokwama.

Kioo: kiliinuliwa na kukunjwa kuzunguka kama kinga ya helmeti. Ni kipande cha duara la nusu kipenyo kimoja, ili macho yasidanganywe pembeni. Kwa dereva wa mbio anayeingia kona kwa ubavu, kuona pembeni ni muhimu kuliko kuona mbele.

Kuingia: milango miwili ya kawaida, na ndani yake mifuko mikubwa ya kuwekea helmeti.

Kimo: kutoka mm 840 hadi 1,114. Sentimita 27 zaidi.

Kati ya ekseli: kutoka mm 2,220 hadi 2,180. Hapa waliifupisha zaidi! Ndiyo maana Stratos inageuka papo kwa papo, na ndiyo maana inamgeuka dereva mvivu.

Injini: V6 ya Ferrari Dino, cc 2,418, imelazwa kwa upana, hp 190 kwenye gari la barabarani.

Bodi: kipande kizima cha mbele na kizima cha nyuma vinafunuka kama makombe ya chaza. Fundi wa mbio anafika kwenye shokapu, giaboksi na breki bila kufungua mabati madogo madogo. Hili ndilo wazo la Zero lililokomaa, maana lile la pembetatu lilikuwa dirisha dogo la kuchungulia injini.

Cesare Fiorio, bosi wa timu ya mbio, alihitaji gari linaloweza kupewa kibali cha Kundi la 4, daraja la mbio. Hakuwa akitafuta sanamu. Ukimpa Zero, siku ya kwanza angeng'oa kioo.

#15 Vumbi_La_Naivasha

Kwa Safari hata hiyo HF ilikuwa fupi mno, kwa maoni yangu. Mita 2.18 kwenye barabara yenye mawimbi: gurudumu la mbele linashuka shimoni huku la nyuma linapanda tuta, na gari linatikisa kichwa mfululizo. 504 ni ndefu, springi zake zina safari ndefu, inapita juu ya mawimbi yale yale kama jahazi. Nafasi ya pili na ya tatu kwa gari lililozaliwa kwa lami na theluji ni kazi kubwa, si kushindwa.

#16 Udongo_Mkavu

Ninaomba mwongozo. Nina mpango wa kutengeneza modeli ya Zero ya udongo, kipimo cha 1:10. Nianzie wapi, na udongo kiasi gani?

#17 Kioo_Chenye_Rangi

Vipimo vyako: urefu sm 35.8, upana 18.7, kimo 8.4, ekseli kwa ekseli 22.2.

Anza na kiini. Tumia lile povu jeupe gumu la kufungia televisheni, likate kabari iliyo ndogo kwa sm 1.5 kila upande. Lichane mistari kwa kisu, kisha lipake gundi ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, acha ikauke. Usiporuka hatua hii udongo utashika. Ukiiruka, utabanduka kama ganda siku ya tatu.

Udongo: eneo la juu, mbavu na mkia ni kama sm² 1,100. Mara unene wa sm 1.5 ni sm³ 1,650. Nunua kilo 3, utabaki na wa akiba. Ukiwa ni ule wa viwandani, upashe moto hadi nyuzi 55 au 60, uubandike kwa kidole gumba ukisukuma, usiuweke kwa mabonge. Unene ukizidi sm 2 mahali pamoja, nje inapoa kabla ya ndani, halafu inapasuka.

Kabla ya kukwangua, kata vibao vya kadibodi ngumu: kimoja cha mstari wa katikati kutoka pua hadi mkia, na vitano vya kukatisha, kila sm 6 hivi. Kwangua upande mmoja tu hadi uridhike, ndipo uuhamishie upande wa pili kwa kupima. Wanaokwangua pande zote mbili kwa pamoja huishia na gari lililopinda taya.

Na kosa kubwa la kabari: usitumie rula iliyonyooka kwenye paneli ndefu. Bapa la kweli kabisa huonekana limebonyea mbele ya macho. Liachie mwinuko mdogo, mm 1 hivi katikati kwa kipimo chako.

#18 Udongo_Mkavu

Asante sana mkuu. Rangi nipulize ya kopo? Na rangi halisi ni ipi?

#19 Springi_Nne

Rangi ya shaba, ndiyo iliyonayo sasa baada ya kurekebishwa mwaka 2000. Ukiona picha za zamani likiwa la fedha usishangae, lilipakwa hivyo katikati ya maisha yake. Gari lenyewe Bertone waliliuza kwenye mnada wa RM pale Villa d'Este, Mei 2011, kwa euro 761,600.

#20 Kioo_Chenye_Rangi

Kopo lisiguse povu popote, linaliyeyusha kama sukari kwenye chai. Hakikisha udongo umefunika hadi chini ya tumbo la gari, pitisha gundi ya mbao mara mbili juu yake, ikauke usiku mzima, ndipo upulize kwa matabaka membamba matatu ukiacha dakika 20 kati ya moja na jingine. Magurudumu weka mwisho.